Mafunzo ya Bure ya Uandishi wa Habari Mtandaoni: Yanamfaa Nini Kijana wa Mbinga na Nyasa?

Tuseme usiku inaingia picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Boti imepinduka, watu wamelazwa mchangani, na maelezo yanasema ni Liuli, jioni ya leo. Walioko Songea na Dar es Salaam wenye jamaa ufukweni hawalali. Asubuhi anatokea mtu anasema picha ile ni ya miaka mingi, tena ya ziwa jingine kabisa. Nani alipaswa kulichunguza jambo hilo kabla halijasambaa?

Wengi tutasema ni mwandishi wa habari. Lakini mwandishi huyo mara nyingi yuko Songea, kilomita mia moja hivi kutoka Mbinga mjini, na kutoka hapo hadi Mbamba Bay kuna nyingine 66 za kuteremka milima ya Umatengo. Anayebaki karibu ni kijana wa kujitolea mwenye simu na kinasa sauti, ambaye hajawahi kukaa darasani kuisomea kazi hiyo. Kwa mtu kama huyu, mafunzo ya bure ya mtandaoni si jambo dogo.

Mafunzo haya yamekua taratibu. Mwaka 2002 Rosental Alves alianzisha kituo cha Knight katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, kwa ajili ya waandishi wa Amerika ya Kusini na Kati. Mwaka 2005 David Brewer, aliyekuwa mwandishi wa BBC, alianzisha Media Helping Media, hazina ya masomo mafupi ambayo yeyote anaweza kuyasoma bila kulipa. Kisha mwaka 2012 kituo cha Knight kikafungua kozi yake ya kwanza ya umma mtandaoni, kuhusu michoro ya takwimu, chini ya Alberto Cairo. Nafasi 2,000 zote zilijaa. Ilipokuja corona, Mei 2020, kituo hicho kwa kushirikiana na UNESCO kilitoa kozi ya kuripoti ugonjwa huo, na maelfu ya watu kutoka zaidi ya nchi 150 wakajiandikisha.

Je, wanafundisha nini hasa? Turudi kwenye ile picha. Mwanafunzi anafundishwa kuipakia kwenye mtambo wa kutafuta picha, aone iliwahi kuonekana wapi na lini. Ikiwa ni video, anaisimamisha na kuchukua picha mojamoja. Anatazama mavazi, maandishi ya kwenye boti, umbo la vilima. Halafu, na hapa ndipo wengi huvivia, anapiga simu kwa ofisa mtendaji wa kijiji na kwa wavuvi wa ufukwe ule, awaulize walichokiona wao wenyewe. Kwetu hili si geni. Suurat Al-Hujuraat, Aayah ya 6, imetuamrisha kuihakiki habari aletayo mtu faasiq, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na wanavyuoni wa Hadiyth walikuwa wakiuliza "umeipokea kwa nani?" karne nyingi kabla ya simu.

Vikwazo vipo. Kozi nyingi kubwa ni za Kiingereza, Kihispania au Kireno. Video hula bando, na kwa kijana anayesubiri msimu wa kahawa au usipa ili apate senti, bando ni fedha. Afadhali masomo ya maandishi, ambayo huyapakua mara moja akasoma hata kusipokuwa na mtandao. Kwa Kiswahili, Nukta Africa ya Dar es Salaam ina Nukta Fakti, na JamiiForums ina JamiiCheck. Zote mbili huchambua uvumi unaozunguka nchini, na kufuatilia namna walivyoufikia ukweli ni somo tosha.

Sasa lipo jambo linalowapotosha vijana wengi: cheti. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake za 2017, inamtaka mwandishi awe na angalau stashahada ndipo apate ithibati. Cheti cha kozi ya wiki nne, hata kiwe cha chuo mashuhuri, hakichukui nafasi ya stashahada. Kozi yenyewe ni bure, ila cheti mara nyingine hulipiwa. Kituo cha Knight kimekuwa kikitoza dola 30 kwa anayekitaka. Kwa maoni yangu, kijana wa Lituhi au Lundo asiitoe fedha hiyo. Aisome kozi, ajifunze kuhakiki, na dola zake aziweke kwenye ada ya chuo au kwenye nauli ya kwenda Songea kuonana na waandishi wa Klabu ya Waandishi wa Habari Ruvuma. Na akiambiwa na mtu yeyote kwamba cheti cha mtandaoni kitampatia kitambulisho cha uandishi, aulize kwanza Bodi ya Ithibati kabla hajatoa hata shilingi.