Mshauri wa Kwanza Hakunifaa, Nikakaribia Kukata Tamaa

Leo siongelei bei wala picha za bidhaa. Naongelea kichwa cha mwenye biashara.

Mimi nauza nguo za watoto mtandaoni. Mzigo nachukua Kariakoo, oda zinaingia WhatsApp, za mikoani natuma kwa basi. Mwaka jana mzigo wa mteja wa Mbeya ulipotea njiani, wa shilingi 180,000. Nikiwa bado nautafuta, yule dada akaweka picha yangu na namba yangu kwenye magrupu, juu kaandika TAPELI. Hela nilimrudishia siku ya tatu, na posti akaifuta. Lakini mimi nilikuwa nimeshaharibika.

Simu ikilia, moyo unadunda. Saa nane usiku nipo macho naangalia komenti. Meseji ya "dada, mzigo umefikia wapi?" naiacha siku mbili bila kujibu, kwa woga tu. Wateja wakaanza kuondoka. Wiki sita sikuposti kitu, nikawa nauza stoo kwa hasara ili nifunge. Niliombewa, nikapata faraja, ila usingizi haukurudi.

Dada yangu ni nesi. Akaniambia, "Mdogo wangu, hii siyo shida ya mtaji. Nenda kaongee na mtaalamu."

Mshauri wa kwanza alikuwa mama mmoja mpole sana. Nilimlipa 40,000 kwa saa. Alitaka kujua utoto wangu: baba alikuwaje, nyumbani tuliishije. Njia hiyo inawasaidia wengi, hasa mwenye jeraha la zamani linalojirudia. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa na wateja 11 hawajajibiwa! Nilienda mara tatu, natoka nalia mpaka kwenye daladala, na simu bado naiogopa. Nikajisemea, haya mambo hayanihusu, hela yangu imeliwa.

Hapo ndipo nilipotaka kukosea. Saplaya akikuletea magauni ya saizi siyo, unaacha kuuza magauni? Unaongea naye kwanza, ikishindikana unatafuta mwingine. Nikampigia: "Mama, naona siendi mbele. Nataka kitu cha kunisaidia kushika simu kesho asubuhi." Hakukasirika hata kidogo. Akanielekeza kwa mwenzake anayetumia njia nyingine.

Huyu wa pili alifanya kazi kwa daftari. Njia yake inaangalia jinsi unavyowaza na unavyotenda sasa hivi. Daktari wa Marekani, Aaron Beck, ndiye aliyeanza kuijenga miaka ya 1960. Akaniuliza, "Ukiona meseji ya mteja, nini kinakujia kichwani?" Nikasema, ataniita tapeli. "Sawa, iandike. Sasa ushahidi uko wapi?" Akanituma nikahesabu oda za mwaka mzima. Zilikuwa 214. Malalamiko matano. Aliyeniita tapeli, mmoja.

Kazi ya nyumbani: kila siku saa tatu asubuhi nijibu meseji moja ninayoiogopa, kisha niandike hofu yangu ni ngapi kati ya 10. Siku ya kwanza niliandika 9. Wiki ya nne, 4. Na usiku simu inalala sebuleni. Nilienda mara nane.

Kama unafikiria kuanza, shika haya:

1. Uliza kabla ya kulipa. Amesomea nini, anatumia njia gani, vikao vingapi, bei gani. Hata wewe mteja anakuuliza kabla ya kutuma hela.

2. Eleza shida kwa vitendo. "Naogopa kushika simu" inamsaidia zaidi kuliko "sipo sawa".

3. Mpe vikao vitatu au vinne. Kulia mwanzoni siyo dalili mbaya. Ila akikudharau, akitoa siri zako au akikushikashika, ondoka siku hiyo hiyo.

4. Isipoenda, mwambie. Mtaalamu mzuri atabadilisha njia au atakuelekeza kwingine.

5. Hela ikiwa ndogo, anzia hospitali ya serikali. Muhimbili na Mirembe ya Dodoma zina wataalamu wa afya ya akili. Hospitali ya wilaya uliza nao wana huduma gani. Na siyo lazima iwe ofisi kubwa. Kule Zimbabwe, tangu 2006, wapo bibi waliofundishwa wanaowasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati.

6. Ukianza kuwaza kujiua, usisubiri miadi. Mwambie mtu wa karibu sasa hivi, akupeleke hospitali leo.

Sijapona kwa asilimia mia. Mwezi uliopita mzigo wa Tabora ulichelewa siku mbili, mteja akaandika kwa hasira. Mikono ilitetemeka, lakini nilimjibu ndani ya dakika kumi, nikamtumia risiti ya basi na namba ya wakala. Juzi kaagiza tena, magauni mawili.

Wewe je, simu ya mteja ikiita unajisikiaje? Tuambie kwenye komenti. Na kama kuna mwenzako kaacha kuposti ghafla, usimuulize mtaji. Muulize kama analala.