FEDHA KABLA NG'OMBE HAJAFA

Mvua zikikosa, majani hukauka. Kisha ng'ombe hukonda. Kisha hufa. Mfugaji anabaki kuhesabu mizoga.

Mara nyingi msaada umekuja wakati huo, mizoga imekwisha kulala. Lori huleta magunia ya mahindi. Watu hula na kushukuru. Lakini gunia la mahindi halimfufui ng'ombe.

Huko Kenya ya kaskazini njia nyingine ilijaribiwa. Mwaka 2010 bima ya mifugo ilianza Marsabit. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza mpango wake yenyewe Turkana na Wajir, halafu ukaenea sehemu nyingine za ukame.

Bima ni nini? Watu wengi hutoa ada, na fedha huwekwa pamoja. Anayepata hasara hulipwa kutoka humo. Katika mpango ule wa serikali, kaya zilizochaguliwa hazikutoa hata senti. Serikali ililipa ada yao, kila kaya kwa mifugo inayolingana na ng'ombe 5. Mbuzi au kondoo 10 walihesabiwa sawa na ng'ombe 1.

Je, hasara hupimwaje? Hapa ndipo wazee wengi hushangaa. Bwana mifugo haji bomani kuhesabu mizoga. Kazi hiyo hufanywa na setilaiti. Setilaiti ni chombo kinachozunguka dunia juu sana angani, kikipiga picha. Picha hizo huonyesha ukijani wa nchi. Wataalamu hulinganisha ukijani wa msimu huu na wa miaka mingi iliyopita, mahali pale pale. Ukipungua kupita kiwango kilichowekwa, kila mwenye bima katika eneo hilo hulipwa, hata kama ng'ombe wake wote wako hai. Kinacholipwa ni malisho yaliyopotea. Fedha ni za kununua majani makavu, maji na dawa, ili mnyama avuke ukame.

Februari 2017 ilitangazwa kuwa kaya zaidi ya 12,000 zingelipwa jumla ya shilingi za Kenya milioni 214. Ukigawanya, ni kama shilingi 18,000 kwa kaya. Si mali nyingi. Lakini huweza kuwaokoa ng'ombe wachache wa maziwa, na watoto wakapata cha kunywa.

Wako wafugaji walionung'unika, nao wana haki. Setilaiti hupima eneo zima. Upande mmoja mvua inaweza kunyesha, na upande wa pili pakawa vumbi tupu. Wastani ukiwa mzuri, hata mtu wa vumbi hapati kitu. Tena setilaiti huona ukijani tu, haionji jani. Mti wa mathenge hubaki kijani wakati wa kiangazi, lakini ng'ombe hashibi majani yake.

Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosa misimu 5 mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa Kenya. Mwaka 2022 ulianza mpango mwingine, uitwao DRIVE. Katika huo mfugaji hutoa sehemu ya ada mwenyewe, na serikali huongeza.

Basi ukiitwa kwenye mkutano wa bima, uliza kabla ya kutoa fedha. Eneo letu linaishia wapi? Malipo huja mwezi gani? Yatakuja kwa benki au kwa simu? Kama ni kwa simu, hakikisha namba iliyoandikwa ni yako. Soma mwenyewe karatasi kabla ya kutia sahihi.