Mtoto Mnene Siyo Lazima Awe na Afya



Minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba mkoani Mtwara, fedha huingia vijijini. Chiwata, wilayani Masasi, kama ilivyo Newala na kwingineko katika uwanda wa juu wa Makonde, biskuti, soda na pipi huanza kununuliwa kwa wingi. Mtoto akijaa mashavu, majirani humsifia mama yake kwamba anajua kulea. Mwezi huu tunapenda kuitazama vizuri sifa hiyo.

Hatari zaidi ya moja

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa, na 4 walikuwa na uzito uliozidi. Tusijidanganye kwamba unene hautuhusu. Uchunguzi huohuo ulikuta zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Mtoto aliyedumaa, kisha akazoeshwa sukari na mafuta mengi, huweza kunenepa bila kurefuka. Ukubwani kisukari na shinikizo la damu humwandama. Kudumaa na unene huweza kuanzia kwenye kikombe kimoja cha uji mwepesi wenye sukari nyingi.

Miezi 6 ya kwanza

Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji. Bibi akisema, "Mjukuu wangu analia, ana njaa," tumweleze kwa heshima kwamba kulia kuna sababu nyingi, na kwamba maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata wakati wa joto. Mtoto anyonyaye huacha mwenyewe anaposhiba. Anayelishwa kwa chupa mara nyingi hulazimishwa amalize, akazoea kula kupita shibe yake. Tena chupa hudai maji safi na kuni za kuyachemshia, na huku kwetu juu, ambako akina mama wamehangaikia maji tangu zamani, hilo si jambo dogo. Mama mwenye virusi vya UKIMWI naye aweza kunyonyesha, akitumia dawa zake na kufuata maagizo ya kliniki.

Baada ya miezi 6

Aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, huku akipewa chakula. Uji wa muhogo mtupu humjaza tumbo bila kumjenga. Uwe mzito kiasi cha kushika kijiko, uchanganywe na karanga zilizosagwa. Karanga zenye ukungu zitupwe, kwani zina sumu. Mbaazi na choroko ziivishwe na kupondwa. Mboga ya majani, papai, embe, yai au dagaa viongezwe kadiri vinavyopatikana. Miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4. Akigeuza kichwa, tusimshindilie. Kabla ya miaka 2 hahitaji sukari ya kuongezwa, wala soda.

Kadi ya kliniki

Tumpeleke kupimwa uzito na urefu hata kama haumwi. Tusifurahie uzito peke yake. Tumwulize mhudumu kama unalingana na urefu wake. Akisema umezidi, tusimnyime mtoto chakula. Tuondoe vya sukari, tumwache acheze na kukimbia.

Akina baba, jambo hili ni lenu pia. Fedha ya korosho inayonunua soda yaweza kununua mayai na karanga. Hata Bikira Maria alimnyonyesha Mwanawe katika umaskini wa Bethlehemu, naye Yosefu akawatunza wote wawili. Watoto ni amana ya Mungu mikononi mwetu. Msimu huu tuwalishe wakue kwa urefu, nguvu na akili, wala tusihesabu mashavu tu.