Je, Sonona na Baipola Hurithiwa? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulitenganisha sonona na baipola, ugonjwa unaompandisha mtu hadi akeshe siku kadhaa bila kuchoka, kisha ukamwangusha asitake hata kuoga. Leo tuliangalie swali linalonong'onwa posa inapoletwa: je, ukoo wao una wazimu? Si swali la kupuuzwa. Katika mapacha wa kufanana, mmoja akipata baipola, mwenzake naye huipata mara 4 hadi 7 katika kila 10, ilhali kwa watu wote kwa jumla ni kama mmoja katika 100. Urithi upo, tena mkubwa. Lakini hesabu hiyohiyo inatuonyesha mapacha ambao mmoja ni mgonjwa na mwingine mzima, na vinasaba vyao ni vilevile. Kinachorithiwa, basi, ni wepesi wa kuugua, si ugonjwa wenyewe.

Wanasayansi nao walitafuta sana jeni moja ya kuibebesha lawama. Mwaka 1987 Janice Egeland na wenzake, waliochunguza ukoo wa Waamishi wa Pennsylvania, walitangaza kwamba chanzo cha baipola kimo katika kromosomu ya 11. Kufikia 1989 hoja hiyo ilikuwa imeporomoka: watu wawili wa ukoo ule waliohesabiwa wazima waliugua, ndugu wengine wakaongezwa katika uchunguzi, na hesabu ikakataa. Mwaka 2019 utafiti uliolinganisha watu zaidi ya 800,000 ulitaja sehemu 102 za vinasaba zinazohusiana na sonona, na kila moja mchango wake ni mdogo mno. Ndiyo maana hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumtabiria mchumba yeyote, na anayekiuza kipimo hicho anawadhulumu watu.

Atauliza mtu: mbona kuna nyumba zenye wagonjwa watatu? Zipo, ila walio chini ya paa moja hugawana pia ufukara, vipigo na misiba. Huko Camberwell, London, George Brown na Tirril Harris walionyesha mwaka 1978 kwamba wanawake waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 11, au wasio na mtu wa kumweleza ya moyoni, walishikwa na sonona kwa urahisi zaidi walipofikwa na mkasa. Wengine watadakia kwamba, kumbe, tatizo ni udhaifu wa imani. Siafiki hata kidogo. Tezi ya shingoni ikipungukiwa homoni, mcha Mungu naye huingia sonona. Na lithiamu, chumvi ambayo John Cade aliandika habari zake mwaka 1949, humtuliza mwenye baipola bila kumuuliza anasali wapi.

Habari za ukoo zina mahali pake, napo ni kwa daktari. Mwenye baipola akija akiwa ameanguka hufanana kabisa na mwenye sonona. Akipewa dawa za sonona peke yake, zinaweza kumrusha kwenye wazimu wa kupanda. Shangazi aliyewahi kulazwa, ambaye familia inamficha, huenda ndiye angemzindua daktari kabla hajaandika dawa.