Nchi Jirani: Baiskeli ya Bujumbura Haili Petroli, Lakini Inakula Gololi



Kati ya mwaka 2021 na mwaka 2025 jirani zetu wa Burundi walilazimika kuzoea jambo ambalo hapo zamani lingehesabiwa kuwa ni la dharura. Magari yalilala mbele ya vituo vya petroli usiku na mchana, madereva wakiyalinda kwa zamu, na wafanyakazi wa Bujumbura wakatoka Kamenge, Kinama na Kanyosha alfajiri kwa miguu ili wawahi kazini. Uhaba ulikuja, ukapungua, ukarudi tena. Sababu yake haikuwa njia kufungwa, maana sehemu kubwa ya mafuta ya Burundi hupitia katika bandari yetu ya Dar es Salaam, na barabara ilikuwa wazi. Kilichokosekana ni fedha za kigeni za kuyanunulia. Nchi hiyo huuza nje kahawa, chai na dhahabu, na mapato yake hayakutosha kununua mafuta, dawa na mbolea kwa wakati mmoja.

Katika shida hiyo chombo ambacho hakikusimama ni baiskeli. Wako waliosema basi kwamba suluhisho limepatikana: mtu anunue baiskeli, asahau foleni. Maneno hayo ni ya kweli nusu. Baiskeli haili petroli, lakini inayo njaa yake, na anayeitumia siku zote za mwaka, masika na kiangazi, ndiye anayeijua njaa hiyo.

Tuanze na chombo chenyewe. Baiskeli ya kazi inayoonekana Burundi ni ileile tunayoijua Kigoma na Shinyanga: ndefu, nyeusi, haina gia za kubadilisha, breki zake huvutwa kwa vyuma badala ya kamba, na magurudumu yake ni ya inchi 28. Muundo wake ulitoka Uingereza; siku hizi nyingi hutengenezwa India na China. Kwa desturi gurudumu la mbele lina spoku 32 na la nyuma 40, kwa kuwa uzito wa mpandaji na wa keria huangukia nyuma. Ni chombo kizito, na vijana hukicheka. Lakini kila kiungo chake hufunguka kwa spana, nyundo na bisibisi, na hiyo ndiyo siri ya maisha yake marefu.

Adui wake ni matope. Itakumbukwa kwamba mwezi Aprili mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda isivyo kawaida, na maji ya ziwa pamoja na ya mto Rusizi yakafunika nyumba na barabara huko Gatumba, kati ya Bujumbura na mpaka wa Kongo. Mtu akaaye upande ule na kufanya kazi mjini alipita katika maji yaliyochanganyika na mchanga laini. Maji hayaui baiskeli siku hiyohiyo. Mchanga ndio unaoua, tena polepole, kwa kujificha ndani ya mnyororo.

Watu husema kwamba mnyororo umevutika. Kwa hakika chuma hakivutiki. Kila pingili huzunguka juu ya kipini kidogo, na mchanga uliochanganyika na mafuta huwa kama msasa katikati ya viwili hivyo. Kipini kikiliwa kwa unene wa unywele katika kila pingili, mnyororo mzima hurefuka, hauketi tena sawasawa juu ya meno, nao huanza kuyala meno yenyewe. Ipo njia ya kupima isiyohitaji chombo zaidi ya rula ya mwanafunzi. Katika mnyororo mpya, kutoka kipini kimoja hadi cha 24 baada yake ni inchi 12 kamili. Urefu huo ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo ubadilishwe. Ukizidi kwa sehemu moja ya nane, mwenye baiskeli amechelewa: meno ya nyuma nayo yamekwisha, na mnyororo mpya juu ya meno yaliyoliwa utaruka kila anapokanyaga kwa nguvu. Aliyetaka kuokoa fedha ya mnyororo mmoja sasa atanunua vitu viwili.

Na mafuta ya kulainishia je? Rumonge, kusini mwa Bujumbura, hakukosi mawese, na mtu anaweza kushawishika kuyatumia. Mawese huganda kwa baridi ya asubuhi milimani na hushika vumbi vibaya. Mafuta machakavu ya injini yana unga wa chuma na uchafu wa moto, ingawa ni heri hayo kuliko kutu. Afadhali mafuta mepesi safi, tone moja katika kila kiungo, kisha kupangusa upande wa nje hadi uonekane kama mkavu. Mafuta yanayong'aa kwa nje hayalainishi kitu. Kazi yake ni kukusanya mchanga wa kesho.

Sasa tufike kwenye gololi, ambazo kwa maoni yangu ndizo kiini cha mambo haya. Ekseli ya pedali huzunguka juu ya gololi 22 za robo inchi, 11 kila upande. Grisi ikioshwa na maji ya masika, gololi hubaki kavu, hupata kutu, na moja hupasuka. Mpandaji husikia mkwaruzo chini ya mguu, na akiwa na haraka huendelea. Vipande vya gololi iliyopasuka huchimba kikombe na ekseli, na kitu kidogo kuliko punje ya mahindi kinaharibu sehemu ambayo ni ghali mara nyingi zaidi.

Hapo fundi hukabiliwa na kishawishi. Mteja ana fedha ya gololi mbili au tatu tu. Kwa nini asitiwe hizo mbili, zile nyingine zirudishwe? Kwa sababu gololi nzee zimeliwa zote pamoja, na ile mpya ni kubwa kuliko wenzake kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Basi inabeba mzigo wa wenzake wote, na baada ya muda mfupi nayo hupasuka. Fundi mwaminifu atamwambia mteja abadilishe 22 zote au asubiri. Lakini mteja huyo ni mtu wa kubeba mkaa au abiria, na siku asiyotoka ni siku ambayo nyumbani hakuna chakula. Asubiri vipi?

Mafundi wa namna hiyo wamejaa Buyenzi. Msikilizaji wa Tanzania akifika katika mtaa huo wa Bujumbura hatahitaji mkalimani, kwa maana Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu zama za Wabelgiji, na karakana zake zinajulikana mji mzima, za magari na za vyombo vidogo pia. Huko raba ya breki hukatwa kutoka tairi kuukuu, na fremu iliyovunjika huungwa kwa moto. Werevu huo unastahili sifa, lakini una mpaka. Hakuna awezaye kuchonga gololi kwa tupa. Gololi lazima iwe duara kamili na ngumu kuliko chuma kinachoizunguka, nayo hutoka kiwandani, ng'ambo, kwa fedha zilezile za kigeni zilizokosekana kwa ajili ya petroli. Uhaba uliowasukuma watu kwenye baiskeli ndio huohuo unaopandisha bei ya mnyororo, tyubu na grisi.

Tufanye hesabu ndogo. Gololi za ekseli ya pedali pamoja na za magurudumu yote mawili hazifiki gramu 60. Kwa hiyo tani moja ya gololi ingeweza kuhudumia baiskeli zaidi ya 15,000. Lori moja la mafuta huchukua lita zaidi ya 30,000, nazo zikigawiwa magari huteketezwa kwa siku chache. Sisemi kwamba gololi zichukue nafasi ya petroli, kwani hospitali haiendeshwi kwa baiskeli, wala mbolea haifiki shambani kwa pedali kutoka bandarini. Nasema tu kwamba katika kugawa dola chache, vipuri vya baiskeli ni mzigo mwepesi mno kusahauliwa.

Jambo la breki linahitaji maelezo yake peke yake, kwa sababu linahusu uhai wa watu. Barabara kuu ya kwanza ya Burundi hupanda kutoka Bujumbura, karibu na usawa wa ziwa, hadi Bugarama milimani, kama kilomita 35, na tofauti ya kimo ni takribani mita 1,400. Waendesha baiskeli huteremka njia hiyo wakiwa na mikungu ya ndizi, mzigo ambao mara nyingi huzidi kilo 100. Tuchukue kwamba mtu, baiskeli na ndizi ni kilo 200. Nguvu ya mteremko huo, kama ingegeuzwa yote kuwa joto, ingetosha kuchemsha zaidi ya lita nane za maji ya baridi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo. Iliyobaki ni lazima imezwe na vipande vinne vidogo vya raba na na soli ya kiatu cha mwendeshaji. Tena mvua ikinyesha, rimu ya chuma iliyolowa haishikwi vizuri na raba, na breki iliyotosha jana haitoshi leo. Mwendeshaji mwenye busara hufinya breki kidogo kidogo kabla ya kona, ili kupangusa maji, kabla hajaihitaji kwa kweli.

Wakati wa kurudi, hao hao hushika nyuma ya malori na kuvutwa hadi juu. Picha zao zimetazamwa duniani kote, na watazamaji wengi hushangilia kana kwamba ni mchezo. Si mchezo. Watu wamekufa katika kona zile, na wenye mamlaka wamekataza mara kwa mara. Lakini mwenye kushika lori si mpumbavu. Kupanda mita 1,400 kwa baiskeli isiyo na gia kunamla nusu ya siku na nguvu zote, na bei ya ndizi hailipi siku mbili. Amepiga hesabu yake, nayo ni hesabu ya mtu maskini.

Mwezi Machi mwaka 2022 serikali ya Burundi ilipiga marufuku baiskeli, bajaji na pikipiki za abiria katikati ya mji wa Bujumbura, kwa hoja ya kupunguza ajali. Hoja ya ajali ni nzito na haifai kubezwa. Mwenye kutembea Dar es Salaam jioni anaielewa. Hata hivyo marufuku ile ilimfikia zaidi mtu ambaye chombo chake ndicho chepesi kuliko vyote barabarani. Mbeba abiria alilazimika kumshusha mteja wake pembezoni, na mteja, ambaye basi lake halikuwa na mafuta, akamalizia kwa miguu. Ajali hutokea pale ambapo baiskeli na lori vimepewa njia moja. Kumwondoa mmoja wao ni njia ya haraka. Kumchorea njia yake ni ya gharama, lakini hudumu.

Nchi nyingine jirani zimepita njia tofauti. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, baiskeli zilianza miaka ya 1960 kuvusha watu kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine, na humo likazaliwa jina la bodaboda, ambalo baadaye lilinyakuliwa na pikipiki. Rwanda ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mjini Kigali mwezi Septemba mwaka 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, jambo la fahari kwa ukanda wetu wote, ingawa baiskeli ya mshindi na ile ya mbeba viazi ni ndugu wasiofanana.

Linalotuhusu zaidi ni la Zambia. Huko, tangu mwaka 2006, shirika la World Bicycle Relief limegawa baiskeli madhubuti ziitwazo Buffalo kwa wahudumu wa afya na wanafunzi wa vijijini, na pamoja nazo likafundisha mafundi na kupeleka vipuri. Breki ya baiskeli hiyo imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, haiguswi na matope, nayo hufanya kazi kwa kurudisha pedali nyuma. Mafundi ndio waliofanya mpango ule udumu, maana misaada mingi ya baiskeli katika Afrika imeishia ghalani, fremu nzima zikiwa zimeegemea ukuta kwa kukosa tyubu.

Huko Buyenzi fundi hasubiri mpango. Akimaliza kuvalisha gurudumu la mbele gololi mpya na grisi, hulinyanyua na kuliacha lizunguke lenyewe. Likiwa limekazwa kupita kiasi husimama ghafla, popote. Likiwa limekazwa sawasawa hupunguza mwendo, huyumba huku na huku, na mwisho upande ule mzito, mara nyingi ule wa kinywa cha pampu, huteremka taratibu hadi chini na kutulia. Ndipo anapodai fedha yake.