Dipstiki Inapodanganya

Hapa gereji kwangu Kariobangi Light Industries, malalamiko ya wenye Toyota Noah hufanana: asubuhi dipstiki inaonyesha oili imejaa, jioni iko chini ya alama. Wengi huongeza nusu lita papo hapo. Nawasihi msifanye hivyo. Oili ikizidi, krenki huichapa hadi itoe povu, na povu halilindi chuma.

Kwanza pima upya: egesha pahali tambarare kweli, si ukingoni mwa mtaro kama tunavyoegesha Umoja na Kayole, kwa sababu gari likiinama oili huhamia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili. Zima injini ikiwa moto, ngoja dakika kumi oili iteremke. Chomoa dipstiki, pangusa, rudisha mpaka mwisho, uchomoe tena. Pande mbili za kijiti zikitofautiana, amini ulio chini. Ule mwingine umepakwa na bomba.

Bado vipimo havipatani? Shuku kijiti chenyewe. Gari lililowekewa injini ya mtumba huweza kubaki na dipstiki isiyo yake. Ikiwa ndefu, itakuambia oili ipo ilhali haitoshi, na hiyo ndiyo huua injini. Mwaga oili yote, badilisha filta, mimina kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo, washa kidogo, zima, ngoja, kisha pima. Inapofikia ndipo alama ya juu, ichonge hapo.

Lakini oili ikipanda bila kuongezwa, ikanuka petroli au ikawa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe gari tena. Mwite fundi.