Kifurushi kikubwa hakitibu gemu inayokatika

Msimu wa karafuu ukikolea, fedha huzunguka Pemba kuliko miezi mingine, na sehemu yake huishia kwenye vibanda vya gemu. Wateja wawili wanapocheza mpira bega kwa bega mbele ya luninga moja, mwenye kibanda hahitaji intaneti. Shida huanza pale kijana anapotaka kucheza na ndugu yake aliyeko Muscat. Mechi inatafutwa na haipatikani, au inaanza na kukatika katikati, na mteja anadai fedha yake.

Wengi hapo hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi. Gemu ya mpira ikichezwa kwa intaneti kwa kawaida haimalizi hata MB 100 kwa saa. Kinachokula kifurushi ni kupakua: gemu moja kubwa huweza kuzidi GB 40. Chukulia kibanda kinachotoza Sh1,000 kwa saa. Mwenye kibanda akiongeza Sh30,000 za kifurushi kwa mwezi, atalazimika kuuza saa 30 zaidi ili zirudi hizo tu, umeme bado. Na mechi zitaendelea kukatika.

Mara nyingi tatizo liko kwenye ruta. Vifaa vyote vya nyumba au kibanda hutumia anwani moja ya intaneti, kama skuli yenye sanduku moja la posta. Mwanafunzi akiandika barua, jibu lake humfikia kwa sababu ofisi inakumbuka nani aliandika. Barua ngeni isiyo na jina la mwanafunzi hutupwa. Sasa baadhi ya gemu huunganisha mashine za wachezaji wawili moja kwa moja, na kila upande huonekana kwa mwenzake kama barua hiyo ngeni.

Mashine yenyewe hueleza hali ilivyo. PlayStation, baada ya kupima intaneti kwenye mipangilio ya mtandao, huonyesha namba ya NAT: 1 na 2 hazina neno, 3 ni matatizo. Xbox huandika Open ikiwa njia iko wazi na Strict ikiwa imebanwa.

Tiba ya kwanza haina gharama. Anwani ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta imeandikwa kwenye kibandiko chake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Ndani yake kuna kipengele kiitwacho UPnP, ambacho huiruhusu mashine kujifungulia njia. Kiwashwe, kisha ruta na mashine zizimwe na kuwashwa upya. Wako wanaopenda kufungua njia kwa mkono, kama ile ya 3074 ya Xbox, lakini njia hiyo huelekezwa kwenye mashine moja tu, jambo lisilomfaa mwenye mashine nne. Kwa kuwa UPnP hufungulia kifaa chochote kilichomo, neno la siri la kiwandani libadilishwe, na wateja wasipewe Wi-Fi ileile ya mashine.

Ikiwa namba 3 haijaondoka, iangaliwe anwani ambayo ruta imepewa kutoka nje, kwenye sehemu iliyoandikwa WAN. Ikianza na 192.168, huenda kuna ruta mbili zilizofuatana, na moja igeuzwe kuwa ya kusambaza Wi-Fi tu. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo ni wilaya nzima inayotumia sanduku moja la posta, na hakuna kitufe ndani ya kibanda kitakachosaidia.

Kampuni hazifanyi hivyo kwa ubahili tu. Anwani za mtindo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na tangu mwaka 2020 AFRINIC, taasisi inayozigawa Afrika, haitoi zaidi ya 1,024 kwa ombi moja. Kwa hiyo anwani ya peke yako huombwa, na kwa kawaida hulipiwa. Swali hilo liulizwe kabla ya kufunga huduma, si baada ya kulipa.

Mchezo unaoganda bila kukatika ni ugonjwa mwingine. Waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye mashine husaidia kuliko Wi-Fi. Umbali hauna dawa: kila kilomita 1,000 za kebo huongeza takriban milisekunde 10, kwenda na kurudi. Na siku kebo za baharini zinapokatika, kama EASSy na SEACOM zilivyokatika Mei 12, 2024 na kuitikisa Tanzania, ni bora mwenye kibanda awarudishe wateja bega kwa bega kwenye luninga moja.